Sukari Iliyofungwa Ndani ya Unga wa Mbao: Kisa cha Elburgon

Asubuhi niliyofika, rundo lilikuwa likitoa moshi na hakuna mtu aliyekuwa ameliwasha. Unga wa mbao ukirundikwa mbichi, kuvu na bakteria huanza kuula, joto lao hukosa pa kutokea, na siku moja katikati ya rundo huanza kuungua kimyakimya bila mwali. Hili la Elburgon lilikuwa limepita kimo cha paa la ofisi. Upande wa chini mvua ilikuwa imelitoa maji meusi kama chai ya rangi, yakiteremka kuelekea kijitoni, na majirani walikuwa wameshamjia mwenye kiwanda mara mbili.

Mwenye kiwanda ni mzee aliyepasua mbao tangu ujana wake. Mimi hufundisha kemia Nakuru, na binti yake, ambaye ndiye mweka hesabu wa kiwanda, aliwahi kukaa darasani kwangu. Yeye ndiye aliyenipigia simu. Muuzaji mmoja wa mitambo alikuwa amewaletea mchoro wa karakana ya kugeuza unga wa mbao kuwa sukari, na sukari kuwa spiriti ya kupikia na ya kuchanganya na petroli. Bei yake ilidai mkopo, na mkopo ulidai hati ya shamba.

"Mwalimu," mzee aliniuliza tukiwa tumesimama upande usio na moshi, "huyu ameniandikia lita mia nne kwa kila tani. Ni ukweli ama ni hadithi?"

"Ni ukweli, mzee," nikamjibu. "Lakini si ukweli wa rundo hili."

Tofauti hiyo nitaieleza kwa urefu, kwa sababu nimeiona ikikaribia kummeza mtu shamba lake.

Lita mia nne zinatoka wapi

Mti ni sukari iliyofumwa. Sehemu kubwa ya ubao, kati ya asilimia 40 na 45 ya uzito wake mkavu, ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukosi iliyoshikana mkono kwa mkono. Kiasi cha robo hivi ni hemiselulosi, minyororo mifupi yenye matawi, iliyotengenezwa kwa sukari za aina mbalimbali. Kinachobaki ni lignini, gundi ngumu ya kahawia inayoufanya mti usimame wima na usioze haraka. Katika miti kama saiprasi na paini lignini hukaribia asilimia 30. Lignini si sukari, na hamira, ile inayogeuza sukari kuwa pombe, haiwezi kuifanya lolote.

Basi chukua tani moja ya unga wa saiprasi uliokauka kabisa. Selulosi, pamoja na ile sehemu ya hemiselulosi ambayo hamira inaiweza, ni kama kilo 550. Ukiivunja kwa maji inaongezeka uzito kidogo, kwa kuwa kila kiungo cha mnyororo kinapokatika hunyonya chembe ya maji, na unapata kilo 611 za sukari. Hamira ikila sukari hiyo, karibu nusu ya uzito inaondoka ikiwa gesi ya kaboni, na zinabaki kilo 312 za ethanoli, yaani spiriti yenyewe. Kwa kipimo cha lita ni kama 395. Hizo ndizo lita mia nne za muuzaji. Hakudanganya hesabu. Alichofanya ni kumpa mzee hesabu ya mti ambao kila chembe yake imekubali kuvunjika, na mti wa namna hiyo haupo msituni wala kiwandani.

Unga unaotoka kwenye msumeno, gogo likiwa bichi, nusu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo tani ya rundo ni nusu tani ya mti, na lita 400 tayari ni 200. Kisha ule uvunjaji. Wajerumani, kwa njia ya Scholler iliyotumika kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, walipitisha asidi hafifu ya moto katika minara ya chuma yenye shinikizo kubwa, wahandisi wakiilinda usiku na mchana, na walipata kama nusu tu ya kile kinachowezekana kwenye karatasi. Tukimpa mzee ustadi wa Wajerumani hao bure, lita 200 zinakuwa 100.

Binti aliandika namba hizo tatu moja chini ya nyingine katika kitabu chake cha hesabu, akazitazama, akauliza: "Na mchoro wake una huo mnara, mwalimu?"

Haukuwa nao. Ulionyesha mapipa ya chuma juu ya moto wa kuni, yakiwa wazi juu, na asidi ya salfuriki ikimiminwa ndani. Hapa jiografia ya Elburgon yenyewe inatoa jibu. Mji huo uko juu sana, kwenye zaidi ya mita 2,300, na kwa urefu huo maji huchemka yakifika kama nyuzi 92. Wapishi wa maharagwe wa huko wanalijua jambo hili kuliko mtu yeyote. Ukiongeza kuni utapata mvuke zaidi, lakini joto halitapanda. Selulosi nayo, kwa asidi hafifu, haianzi kuachia kwa kiasi cha maana mpaka ufike kwenye nyuzi 180 au zaidi, ambapo mvuke husukuma kwa nguvu kama mara kumi ya ile ya hewa ya pwani. Pipa la wazi halitafika huko hata likipikwa mwaka mzima.

Tulichokiona kwenye sufuria

Sikutaka kumwacha mzee na hesabu pekee. Mtu aliyeonyeshwa mchoro na muuzaji anastahili kuona na kitu kingine kwa macho yake. Tukachukua ndoo tatu: unga mbichi wa saiprasi, unga mbichi wa bulugamu, yaani mkaratusi, na unga wa zamani uliochimbwa chini kabisa ya rundo. Tulianika zote, tukachekecha maganda na changarawe, nikazibeba hadi Nakuru. Huko nilitumia sufuria ya presha, ambayo haipiti nyuzi 120, na asidi ya salfuriki ya asilimia moja hivi. Tafadhali msifanye hivi nyumbani. Asidi ya moto chini ya presha hula sufuria ya aluminiamu, na ikiruka haiangalii jicho la nani.

Katika joto hilo selulosi haiguswi sana. Inayotoka ni hemiselulosi. Kila ndoo ilinipa mchuzi wa kahawia wenye harufu ya sukari iliyoungua na sandarusi, na chini yake matope magumu ya selulosi na lignini.

Ndoo ya unga wa zamani ilinisikitisha haraka. Mchuzi wake ulikuwa mweusi na karibu hauna sukari. Kuvu walikuwa wamekula sehemu tamu kwa miaka yote hiyo na kutuachia lignini na udongo. Yaani lile rundo kubwa, ambalo machoni mwa mzee lilikuwa akiba, upande wa sukari lilikuwa limeshaliwa.

Ndoo mbili zilizobaki ndizo zilizonifundisha zaidi. Nilipozipima kwa dawa ya Benedict, ile ya buluu inayogeuka nyekundu kama tofali ikikutana na sukari, mchuzi wa bulugamu uligeuka vizuri kuliko wa saiprasi. Mzee alikuwa amekuja siku hiyo, akafurahi. Bulugamu anao mwingi. Nikamwambia asubiri hamira.

Siku ya kwanza hamira haikutoa povu katika chupa yoyote. Unapopika mti katika asidi, sukari haitoki peke yake. Sehemu yake inaungua kuwa fufurali, hemiselulosi inaachia asidi ya siki, na lignini inaachia vipande vyake, na vyote hivyo ni sumu kwa hamira. Dawa yake ya zamani ni chokaa: unaitia mpaka mchuzi unapita ukali wa asidi na kuwa kama maji ya majivu, unauacha utulie, unachuja, kisha unaurudisha karibu na kati, usiwe asidi wala majivu. Chini hubaki jasi nyeupe, tope linalotakiwa kutafutiwa mahali pa kutupwa. Kwa chupa mbili ni kijiko, kwa kiwanda ni lori.

Baada ya chokaa, mchuzi wa saiprasi ulianza kutoa povu siku ya pili. Ule wa bulugamu, uliokuwa mwekundu zaidi kwenye kipimo, ulitoa viputo vichache ukanyamaza.

Sababu iko katika aina ya sukari. Hemiselulosi ya saiprasi ina manosi nyingi, na hamira ya mkate huila manosi bila shida. Ile ya bulugamu ni zailosi, sukari yenye kaboni tano, nayo hamira ya kawaida haiwezi kuichachusha. Dawa ya Benedict haijui tofauti. Inageuka rangi kwa zote mbili. Mtu akikuletea kipimo cha sukari kutoka kwenye mti, muulize ni sukari gani na ni nani atakayeila. Kuna hamira zilizofanyiwa kazi maabara ili ziweze zailosi, lakini hizo hazikuwa kwenye mchoro, na haziuzwi dukani pamoja na unga wa chapati.

Na bado hapo tulikuwa kwenye theluthi ndogo tu ya sukari. Iliyo nyingi ilibaki kwenye yale matope. Ili kuitoa bila mnara wa Wajerumani, njia nyingine ni vimeng'enya, yaani protini za viumbe hai zinazokata minyororo kama hiyo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa Marekani katika Visiwa vya Solomon waliona mahema yao ya turubai yakioza kwa kasi ya ajabu. Kuvu aliyepatikana kwenye turubai hizo leo anaitwa Trichoderma reesei, kwa heshima ya Elwyn Reese, mwanasayansi wa jeshi hilo aliyemchunguza, na ndiye anayetengeneza vimeng'enya vingi vya kuvunja selulosi duniani. Vinafanya kazi kwa upole, kwenye nyuzi 50 hivi. Lakini haviwezi kuingia ndani ya ubao mzima. Kwa kawaida mti hulipuliwa kwanza kwa mvuke wa shinikizo, na jamii ya saiprasi na paini, kwa lignini yake, ndiyo ngumu kuliko zote. Tunarudi kwenye shinikizo lilelile na bwela lake, yaani tangi la kuzalisha mvuke, sasa na bei ya vimeng'enya juu yake.

Nilikeneka mchuzi wa saiprasi, yaani niliuchemsha na kukusanya mvuke wake, ili mzee aone mwisho wa safari. Pombe ndani yake ilikuwa hafifu mno. Hata viwandani, mchuzi wa mti uliopikwa kwa asidi hufika kwenye asilimia mbili hivi za ethanoli, maana yake upashe moto lita 50 za mchuzi ili upate lita moja. Kilichotoka kiliwaka kwenye kifuniko cha chupa, kwa mwali wa buluu usioonekana vizuri mchana. Mzee alinyamaza, kisha akaweka kiganja juu kuhakikisha joto. Nikawaambia pale pale, na ninarudia hapa kwa uzito wote: spiriti ya mti si ya kunywa, hata tone. Mti ukipikwa kwa asidi huachia methanoli, na methanoli hupofusha na kuua.

Rundo ambalo mwenyewe haliamui

Mpaka hapo mtu anaweza kusema tatizo ni mitambo, na mitambo hununuliwa. Mimi nadhani jambo zito zaidi liko nje ya chupa.

Mwezi wa Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Ilisemwa ni siku 90. Iliendelea mpaka Julai 2023, Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa akiwa Molo, si mbali na Elburgon. Zaidi ya miaka mitano kiwanda cha mzee kilikaa na misumeno iliyopakwa grisi chini ya turubai. Wapasuaji walikwenda kulima viazi. Simlaumu aliyetaka msitu wa Mau upumue, kwa sababu mito yetu inatoka humo. Ninachouliza ni hiki: kama mzee angekuwa na karakana ya ethanoli mwaka 2018, angeilisha nini? Na benki ingesubiri miaka mitano?

Jambo hili limewahi kutokea kwingine. Mwaka 1910 kilijengwa kiwanda cha ethanoli ya mbao huko Georgetown, jimbo la South Carolina, Marekani, kando ya kiwanda cha kupasulia mbao, kikilishwa taka za msumeno na asidi hafifu. Kilipata chini ya theluthi ya ethanoli inayowezekana, na bado kiliendelea, kwa sababu taka zilikuwa bure na nyingi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia upasuaji wa mbao ulipungua, na ethanoli ikafa pamoja nao. Anayelisha mtambo wake kwa taka za mwingine hana shamba la kupanda mwaka unaofuata.

Yupo aliyedumu. Huko Sarpsborg, Norway, kampuni ya Borregaard imetengeneza ethanoli kutokana na mti wa jamii ya paini tangu 1938. Lakini hao huuza selulosi yenyewe kwa bei ya juu, huuza lignini, na hutoa hata ladha ya vanila ndani yake. Ethanoli ni sukari iliyobaki kwenye maji ya kupikia mti, ambayo wangelazimika kuisafisha vinginevyo. Kwao ni bidhaa ya mwisho mezani. Mchoro wa mzee uliifanya kuwa ya kwanza na ya pekee.

Kisha kuna jirani. Reli ya zamani inayopita Elburgon inapitia Molo, Londiani, Fort Ternan mpaka Muhoroni, kabla ya kufika Kisumu. Pale Muhoroni ethanoli imekuwa ikitengenezwa kwa molasi, lile tope tamu linalobaki miwa ikitengenezwa sukari, tangu miaka ya 1980, na enzi hizo Kenya iliichanganya na petroli. Karibu nusu ya uzito wa molasi ni sukari iliyo tayari. Tani moja yake, bila asidi wala presha wala chokaa, hutoa zaidi ya lita 200. Ni kiasi kilekile ambacho mnara wa Wajerumani ungekitoa kwenye tani ya unga mkavu. Spiriti ya mzee ingeingia sokoni kushindana na hiyo.

Hesabu ya moto nayo niliifanya na binti. Tani ya unga mkavu ikichomwa hutoa joto la megajuli kama 19,000. Lita 200 za ethanoli kutoka tani hiyo hiyo zina megajuli 4,200 hivi, chini ya robo, na bado hujahesabu kuni za kukenekea. Kama anayetaka joto ni kiwanda cha chai cha Kericho chenye bwela lake, kumpelekea unga mkavu ni kumpa mara nne ya kile ambacho ungempa kwa kuupitisha kwenye sukari. Ethanoli inastahili taabu hiyo pale tu mtu anapotaka kimiminika.

Kuhusu vibali sitakaa sana. Tathmini ya mazingira kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, leseni ya ushuru kwa kila tone la spiriti, na maji machafu ambayo yangenyonya hewa yote ya mto unaokwenda Baringo. Hayo peke yake yangemaliza mwaka.

Nilimshauri mzee asiweke hati. Nikamwambia pesa ya kwanza iende kwenye sakafu ya saruji na paa la mabati, kwa sababu unga mkavu una wanunuzi na unga uliolowa una majirani wenye hasira. Wafugaji wa kuku wa Njoro wanachukua maranda ya saiprasi. Unga wa bulugamu utengwe, kwa kuwa wakulima wa uyoga wanauhitaji, na uyoga una vimeng'enya vyake mwenyewe, haudai bwela. Rundo la zamani lifunguliwe kidogokidogo lipoe, lichanganywe na samadi, lirudi mashambani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo sukari iko, lakini si yangu," alisema.

Sikukubaliana naye kabisa, na nilimwambia hivyo. Molasi haiwezi kuchachushwa ilivyo, ni nzito mno. Lazima ipunguzwe kwa maji mengi. Mchuzi wa mti una shida kinyume, ni hafifu mno na una sumu kidogo. Je, ukiipunguza molasi kwa mchuzi wa mti badala ya maji? Sukari ya mti ingeingia bila kudai mtambo wake wa kukenekea, na sumu yake ingezimuliwa. Kazi hiyo ingefanyika kando ya molasi, penye bwela na watu wanaolijua, na Elburgon ingepeleka unga mkavu kwa lori, si maji. Hilo linahitaji kupimwa kabla mtu hajaliamini, mimi nikiwa wa kwanza.

Sakafu ilimwagwa kabla ya mvua za masika. Kila asubuhi mfanyakazi mmoja huchoma rundo la zamani kwa nondo ndefu, anaichomoa na kuigusa, ikiwa ya moto anafungua upande ule. Moshi umekoma. Nami nina chupa mbili kwenye dirisha la maabara, zimefunikwa blanketi kwa ajili ya baridi ya usiku. Moja ina molasi na maji, nyingine molasi na mchuzi wa saiprasi uliotiwa chokaa. Ya kwanza ilianza kutoa povu jioni ile ile. Ya pili ilichelewa siku moja, kisha ikaanza, na leo ni siku ya nne bado inatoa.